Gramu Sitini

Fomu ya kujiunga na Kambi ya Wadadisi ilikuwa na kurasa nne, na swali la kwanza kabisa lilisema: "Je, mtoto wako hupenda kuuliza maswali?" Mama Mbona alipolisoma alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliitwa Mbona na mtaa mzima, kwa sababu neno hilo ndilo lililofungua kila sentensi yake tangu alipojua kusema. Mbona mvuke haurudi sufuriani? Mbona mjomba hukohoa kabla hajajibu? Jina lake la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti.

"Andika ndiyo," mama alimwambia mumewe aliyeshika kalamu. "Halafu ongeza: njooni mumchukue leo leo."

Mumewe aliandika NDIYO kwa herufi kubwa na kuipigia mstari. Watu walimwita Fundi tu, ingawa mafundi mtaani walikuwa wengi, kwani yeye peke yake ndiye aliyetengeneza mizani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana: mizani za wauza nyama zikining'inia darini kama popo, mizani za kidijitali zimefunuliwa matumbo mezani, na kwenye kona sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe katika shimo lake lililotandikwa kitambaa. Mawe hayo hakuyagusa kwa mkono mtupu. Aliyashika kwa koleo, maana jasho nalo lina uzito. Hilo alimfundisha binti yake kabla hajamfundisha kuendesha baiskeli.

Kambi ilikuwa ya wiki nne za likizo ndefu, katika shule ya kulipia ambayo nyasi zake zilimwagiliwa hata siku ya mvua. Mkurugenzi wake aliiita "jiko la kupikia vipaji". Wazazi wenye uwezo waliwapeleka watoto wao wakadadisi. Wengi wa watoto hao hawakuwa na hamu ya kujua chochote isipokuwa saa ya chakula, lakini wazazi walikuwa na hamu kubwa ya kujua kama mtoto wa jirani naye amepelekwa.

Nafasi tano zilitolewa bure kwa watoto wa shule za kawaida waliofaulu mtihani wa mchujo. Mdhamini wa nafasi hizo alikuwa mwenye kiwanda cha unga. Watoto waliolipiwa na wazazi walivaa fulana za buluu. Watano wa bure walivaa za njano, zenye picha ya pakiti ya unga mgongoni na maneno KILO MBILI, KAMILI KABISA. Mkurugenzi alieleza kwamba njano ni rangi ya heshima. Hakueleza kwa nini wanawe wawili walivaa buluu.

Wiki ya kwanza Mbona alirudi nyumbani na swali.

"Baba, mbona kwenye picha wanatuweka mbele, na darasani wanatuweka nyuma?"

"Kula kwanza," Fundi alisema.

Alikuwa amejaa fahari kupita kiasi. Alimtangazia kila mteja kwamba binti yake amechaguliwa. Alimwambia muuza nyama, alimwambia muuguzi wa kliniki ya watoto, na alimwambia hata msimamizi wa kiwanda cha unga, ambaye alimjibu, "Sisi ndio tuliomlipia, Fundi," kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake nani ameshika kisu. Fundi aliitikia kwa kuinama. Alikuwa hodari wa kuinama. Mgongo wake ulijua njia.

*

Wiki ya pili, mwalimu wa sayansi, kijana aliyeajiriwa kwa mwezi huo mmoja na aliyetaka sana kuajiriwa tena mwezi unaofuata, aliwapa watoto kazi ya maonyesho ya kufungia kambi. Kila mmoja achague kitu kinachomzunguka, akipime, aandike alichokiona. Wenye fulana za buluu walipima vivuli vyao, mabwawa ya kuogelea na kasi ya mbwa wao. Mbona alimwomba baba yake mizani.

Fundi alimpa ile ndogo ya kidijitali, bora kuliko zote alizokuwa nazo. Kabla hajampa waliipima pamoja mezani, jiwe baada ya jiwe, gramu tano, hamsini, mia mbili, kilo. Haikukosea hata mara moja.

"Unataka kupima nini?"

"Bado nafikiria."

Siku nne alipotelea madukani. Jioni ya siku ya tano aliingia karakanani mbio, daftari kifuani, fulana ya njano imemgeuka nyeupe kwa vumbi la unga.

"Baba! Nimepima pakiti ishirini na nne za unga wa Mdhamini, kutoka maduka sita. Wenye maduka wamenikubalia wenyewe. Nimepima na pakiti tupu nikatoa uzito wake. Baba, hakuna hata moja iliyofika kilo mbili! Hata moja!"

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Mashine yao ya kufungashia imeharibika na hawajui," Mbona aliendelea, macho yanamwaka. "Wewe si ndiye fundi wao? Watakuita, uitengeneze! Ngoja nikusomee namba."

"Sitaki namba."

"Nimeziandika vizuri, kwa—"

"Nimesema sitaki! Funga hilo daftari." Alijisikia sauti imempanda, akaishusha. "Chagua kitu kingine. Huenda mizani yako imekosea."

"Tuliipima wote, baba."

"Chagua kitu kingine."

Mbona alilifunga daftari taratibu. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia.

"Pungufu kiasi gani, mwanangu?"

"Kama konzi moja, mama. Kila pakiti."

Mama Mbona alimgeukia mumewe, akasema polepole, "Mashine hiyo si unaipima wewe kila baada ya miezi sita, Baba Mbona? Hukuona?"

"Mashine nazo huchoka," Fundi alijibu, akainamia mizani ya muuza nyama ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Mashine ile haikuwa imechoka. Miaka mitatu nyuma msimamizi alimwita pembeni, akamwambia tajiri anataka "iwekwe sawa kidogo". Fundi alikwenda nyumbani, akachonga jiwe la chuma mpaka likawa na kilo moja na gramu mia tisa na arobaini. Akarudi, akaliweka juu ya mashine, akabonyeza, akaiambia: hizi ni kilo mbili. Mashine haina ubishi. Iliamini. Tangu siku hiyo kila pakiti iliyotoka pale ilipungukiwa gramu sitini, na kila baada ya miezi sita Fundi alikwenda kuhakikisha uongo haujasogea. Ukimwuliza angekuambia hakuiba yeye, alibonyeza tu. Wapo watu wa namna hiyo wengi, na wote hulala usingizi mzuri.

*

Mbona hakuchagua kitu kingine. Alipeleka daftari kwa mwalimu, na mwalimu, kwa muda wa saa moja hivi, alikuwa mwalimu kweli. Aliandika kwa wino mwekundu "kumi na tisa kwa ishirini" na "kazi bora kuliko zote". Kisha alikwenda kumwonyesha Mkurugenzi, na saa hiyo ikaisha.

Kesho yake Fundi aliitwa ofisini. Alivaa shati lake la harusi za watu. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine na zulia lililomeza hatua. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha ngozi; msimamizi wa kiwanda alikaa kwenye kochi akinywa chai; mwalimu alisimama dirishani akitazama viatu vyake. Fundi aliletewa kiti cha plastiki kutoka nje.

"Karibu, mzee, karibu," alisema Mkurugenzi, aliyemzidi Fundi kwa miaka kumi. Mtu akiingia mle kwa ndala alikuwa mzee moja kwa moja. "Binti yako ana akili sana. Hilo hatubishani."

"Ahsante, Mkurugenzi."

"Na sisi hapa tunahimiza udadisi. Si jina letu hilo? Lakini udadisi una adabu zake, mzee wangu. Mtoto adadisi vitu vya umri wake. Majani. Vipepeo. Sayari. Sayari ziko mbali, hazina mwenyewe. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sasa yeye amedadisi mkono unaomlisha."

Msimamizi aliweka kikombe chini. "Sisi na Fundi tunafahamiana siku nyingi," alisema. "Fundi si mtu wa maneno."

Lile daftari lilikuwa mezani, chini ya kiwiko cha Mkurugenzi. Hakulifungua wala hakulisogeza. Alichosogeza ni karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye, fundi mizani mwenye kibali, anathibitisha kuwa mizani aliyoitumia mwanafunzi huyu ilikuwa na hitilafu, na kwamba vipimo vyote vilivyotokana nayo havifai.

"Hapa chini, mzee. Halafu mtoto anamaliza kambi yake vizuri, anapata cheti, na mwaka kesho huenda tukamfikiria tena."

"Na kazi inaendelea kama kawaida," msimamizi alimalizia.

Fundi aliipokea kalamu. Ilikuwa nzito; mkono wake uliikadiria wenyewe, bila kutumwa, gramu thelathini na mbili. Alimtazama mwalimu. Mwalimu alizidi kuvichunguza viatu. Fundi alisaini.

"Safi kabisa," Mkurugenzi alisema, naye akainyoosha karatasi kwa kiganja. "Ukitoka, mzee, pitia mlango wa nyuma. Mbele wanapiga picha."

*

Mbona alirudi mchana akiwa na bahasha ya majani makavu. Mwalimu alimwambia kazi yake mpya ni rangi za majani, na akamweleza sababu: baba yake amesaini kwamba mizani ni mbovu.

Hakumwuliza baba yake kitu, na ukimya huo ndio uliomtisha Fundi. Msichana alivuta kigoda, akaiweka ile mizani mezani, akachukua koleo, akaanza kupandisha mawe ya shaba moja baada ya jingine. Tano. Hamsini. Mia mbili. Kilo. Aliandika kila namba kwenye karatasi. Fundi alijifanya anatafuta skrubu sakafuni. Alipomaliza, Mbona aliyarudisha mawe kila moja katika shimo lake, akafunga sanduku, akatoka kwenda kuchota maji.

Mama Mbona aliingia akifuta mikono.

"Umesaini nini huko?"

"Mambo ya shule."

"Baba Mbona, mimi sijasoma mizani, lakini si mjinga. Mashine imeharibika, fundi wake ni wewe, na badala ya kwenda kuitengeneza unakwenda kusaini kwamba mtoto amekosea." Alivuta pumzi. "Ni wewe?"

Fundi aliitazama skrubu aliyokuwa ameiokota.

"Ni wewe," mkewe alisema. Safari hii haikuwa swali.

"Waliniambia niiweke sawa. Ningekataa wangeita mwingine. Ingekuwa vile vile."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

Mama Mbona alikaa juu ya kigoda alichoacha binti yake. Kwa muda alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, halafu akaviacha.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu unaniuliza unga unakwenda wapi. Ukaniambia mkono wangu mwepesi. Mbele ya mama yako mzazi ukachukua kalamu ya wino, ukanichorea mstari kwenye ndoo, kwamba mpaka Ijumaa unga usishuke hapa. Mimi, mke wako, nachorewa mstari kama mwizi wa ghalani. Na mimi nikakaa nikijiuliza, jamani, labda kweli nazidisha? Nikawa najinyima kijiko. Kumbe unga unaliwa kabla haujaingia mlangoni, na aliyeuandalia meza ni wewe!"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani!" Alicheka, kicheko kikavu. "Majirani nao wananunua unga huo huo. Wacha wasikie."

Lakini hakupaza sauti. Aliinuka, akaenda jikoni, na kutoka siku hiyo alimpakulia mumewe chakula, akakiweka mezani, na kwenda kulia chake kwa jirani.

*

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Magari yaliegeshwa mpaka kwenye nyasi. Baba mmoja alimnong'oneza mwanawe jibu la swali ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyemwuliza. Mama mmoja alipiga picha ya roboti iliyotengenezwa waziwazi na dereva wake. Mdhamini, mtu mnene mwenye sauti laini, alipita kila meza akisema "ajabu, ajabu sana" bila kusimama. Kwenye meza ya mwisho karibu na choo, Mbona alisimama nyuma ya majani yake saba yaliyobandikwa kwenye karatasi. Mdhamini aliyatazama.

"Ajabu sana," alisema.

Fundi na mkewe walikaa safu ya nyuma, kiti kimoja kitupu kati yao. Wenye maduka kadhaa walikuja pia, kwa sababu habari za msichana mwenye mizani zilikwisha kuzagaa, na watu wameanza kunong'ona wakinunua unga. Kwa ajili ya mnong'ono huo, Mkurugenzi alisimama kwenye kipaza sauti kabla ya kugawa vyeti.

"Kumekuwa na uvumi," alisema, akitabasamu kwa huruma. "Mwanafunzi wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitumia mizani mbovu akapata majibu ya ajabu. Ndiyo sayansi, ndugu zangu! Tunajifunza kwa makosa. Bahati nzuri mwenye mizani, fundi mwenye kibali, baba yake mwenyewe, ametuandikia." Naye akaisoma barua yote, neno kwa neno, mpaka saini. "Mzee, simama wakuone. Huu ndio uungwana."

Fundi alisimama nusu. Watu walipiga makofi. Mwenye duka mmoja aligeuka akamkodolea macho bila kupiga.

Mkono wa njano ulinyooka kutoka kwenye meza ya karibu na choo.

"Nina swali," Mbona alisema.

Ukumbi ulicheka kwa wema. Mkurugenzi aliangaza macho kushoto na kulia. Angemkatazaje mtoto swali chini ya bango lililoandikwa KAMBI YA WADADISI?

"Fupi, binti yangu."

"Ni la baba. Baba, ilikosea kwa gramu ngapi?"

Vichwa vyote viligeuka. Fundi alisimama wima sasa, mikono haijui iende wapi. Alidhani anafikiri. Kumbe ulimi ulikuwa umekwisha kwenda kwenye namba uliyoizoea, namba aliyoihakikisha kila miezi sita kwa miaka mitatu.

"Sitini," alisema.

"Mnaona!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Wazi kabisa! Makofi kwa wote wawili!"

Mbona hakupiga wala hakulia. Alichukua penseli, akageuza ile karatasi ya majani, akaandika namba nyuma yake. Kisha akawa anamtazama baba yake, muda mrefu, kama anavyoitazama mizani kabla sindano haijatulia.

*

Adhabu ya Fundi haikutoka mbinguni. Ililetwa na wateja, kwa mikono yao wenyewe.

Muuza nyama alikuja Jumatatu kuchukua mizani yake. "Miaka yote nagombana na watu kwamba nimewapunja," alisema. "Kumbe fundi wangu mwenyewe mizani yake inakosea gramu sitini, na anakiri hadharani." Jumanne walikuja wenye maduka watatu. Jumatano msimamizi wa kiwanda alipiga simu, akasema kwamba wameamua kutafuta fundi mwingine, si kwa ubaya, ila anajua tena, jina la kampuni, fundi mwenye mizani mbovu haileti picha nzuri. Fundi alianza kusema jambo. Simu ilikwisha kukatwa. Mtu aliyeuza ukweli wake ili asipoteze kazi alipoteza vyote ndani ya siku tatu, na aliyemnunua hakumrudishia hata barua.

Alhamisi alikuja muuguzi wa kliniki. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Nimefuata ile mizani ya watoto, Fundi. Tumepeleka nyingine ikatengenezwe mbali."

"Dada, ile yako nzima. Nakuapia. Ile sijawahi kuigusa vibaya."

"Ningependa kukuamini. Lakini watoto wachanga wanapewa dawa kwa uzito, na wewe umesema vipimo vyako havifai. Tumewaita mama zao wote wa mwezi huu tuwapime upya. Wengine wanatembea saa mbili na mtoto mgongoni." Aliiweka mizani ndani ya kikapu, akaifunika kwa kanga kama anayefunika mtoto. "Sijui nikuambie nini."

Fundi alikaa kati ya kulabu tupu. Darini ilibaki mizani moja tu, ya muuza samaki aliyekufa.

Tusimsifu kwa alichofanya siku iliyofuata. Wateja wangebaki, huenda naye angebaki na uongo wake mpaka uzeeni, akiupima kila miezi sita. Lakini ni kweli kwamba alikwenda, na ni kweli kwamba asubuhi ile hakuna aliyemtuma. Alitia lile jiwe la chuma katika mfuko, akamwambia Mbona achukue daftari lake, ambalo mwalimu alimrudishia kwa siri siku ya vyeti, na alama ya kumi na tisa imefunikwa kwa wino mweupe.

Walitembea mpaka barabara kubwa.

"Mizani yako haikukosea," Fundi alisema hatimaye, akitazama mbele.

"Najua."

"Mashine ya kiwandani niliiharibu mimi."

"Najua, baba."

"Mama yako kakuambia?"

"Hapana. Sikuwahi kukusomea namba zangu. Ulikataa. Na barua ile haikuwa na namba." Aliruka dimbwi. "Halafu ukasema sitini. Wastani wangu ni sitini kasoro nusu gramu. Mtu hawezi kubahatisha hivyo."

Fundi alihamishia mfuko wenye jiwe mkono wa pili.

"Nilikuuliza nikitumaini utataja namba nyingine," Mbona alisema. "Yoyote."

*

Ofisi ya Vipimo ilikuwa ghorofa ya pili, na ofisa aliyekuwa zamu alikuwa akisoma matokeo ya mpira. Alisikiliza maelezo ya Fundi kwanza kwa sikio moja, baadaye kwa yote mawili, na alipolitazama jiwe la chuma mezani alikunja gazeti.

"Unajua unajishtaki mwenyewe?"

"Najua."

"Kibali chako utanyang'anywa."

"Najua, mkuu."

Ndivyo ilivyokuja kuwa. Fundi alinyang'anywa kibali kwa mwaka mzima, akawa anabeba magunia sokoni, na mkewe akalizoea bega lake lenye malengelenge kabla hajazoea kula naye meza moja tena. Kiwanda kilipimwa baada ya wiki mbili, mashine ikakutwa vile vile alivyoeleza, na Mdhamini akalipa faini iliyokuwa ndogo kuliko gharama ya zile fulana za njano. Mkurugenzi alisema alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Lakini asubuhi ile haya yote hayakuwa yamejulikana. Ofisa alikuwa akiandika, baba akitoa maelezo, na mtoto amekaa pembeni na daftari magotini.

"Samahani," Mbona alisema. "Nina swali."

"Uliza," ofisa alisema bila kuinua kichwa.

"Kwenye kila pakiti kuna alama ya ofisi hii, na chini yake imeandikwa imekaguliwa mwezi wa pili mwaka huu. Pakiti zote ishirini na nne. Mbona zilipita? Mlipozipima mwezi wa pili, mlipata gramu ngapi?"

Kalamu ilisimama. Ofisa aliinua uso, akamtazama msichana, akalitazama daftari. Rangi ya shingo yake ilibadilika kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Mzee," alimwambia Fundi, "mwambie mtoto akasubiri nje. Haya ni mambo ya watu wazima."

Mbona alianza kukusanya vitu vyake, kama alivyozoea. Fundi alinyoosha mkono, akamshika bega, akamkalisha.

"Mjibu mtoto," alisema.

"Nimesema—"

"Nimesikia. Mjibu."

Ofisa alitazama mlango, akatazama simu, akaitazama kalamu yake. Mbona alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akasubiri namba.